Somo wa Mwari: Nani Ameshika Nafasi Yake?



Mwezi wa Ramadhani misikiti yetu hujaa. Kuna darsa baada ya alasiri, kuna darsa baada ya tarawehe, na redio nazo zinasomesha mpaka daku. Kijana wa kiume ana imamu wake, ana ustadhi wake, ana barza ya kukaa akawauliza wakubwa zake. Lakini hebu tujiulize swali moja ambalo mara nyingi huwa tunalipita kando. Msichana wa miaka 15 wa Majengo, Kisauni, Likoni ama Kibera, ambaye ameshika mimba au ameshazaa, yeye huenda kwa nani? Msikitini haendi. Shuleni ameacha. Nyumbani mamake analia na babake hamsemeshi. Wenzake wanamkwepa kwa sababu mama zao wamewakataza kuonekana naye.

Wengi wetu tukiulizwa swali hili tunakimbilia kulaumu simu na filamu. Mimi naona tuanze na historia. Kwa sababu kwetu pwani, kwa miaka mingi sana, msichana alikuwa na mtu wake wa kumwendea, na mtu huyo alikuwa na jina na alikuwa na kazi maalum. Aliitwa somo.

NI NANI HUYO SOMO?

Mtoto wa siku hizi ukimtajia somo atafikiri ni hesabu ama jiografia. Wengine wanalijua kwa maana ya mtu mnayefanana jina. Lakini kwa mabibi zetu wa Mombasa, Lamu na hata ng'ambo kule Unguja, somo alikuwa mwanamke mtu mzima aliyekabidhiwa mtoto wa kike mmoja kwa jina lake, awe mwalimu wake wa mambo ya utu uzima. Wengine humwita kungwi, na msichana mwenyewe akaitwa mwari.

Kazi ilianza siku msichana alipovunja ungo. Siku hiyo mwari hakumwambia mamake. Baina ya mama na binti kulikuwa na haya kubwa, mambo ya mwili hayakuzungumzwa uso kwa uso. (Haya hiyo bado ipo. Asiyeamini awaulize dada zake walimwambia nani mara ya kwanza.) Kwa hivyo habari ilikwenda kwa somo, ama kwa nyanya ambaye alimwita somo. Ni yeye aliyemfundisha mtoto namna ya kujisitiri, namna ya kuosha vitambaa vyake na kuvianika pasipoonekana, siku gani haswali, na namna ya kukoga josho ili arudi kwenye sala. Akamweleza pia kwamba kuanzia siku hiyo anaweza kushika mimba. Si kidogo hilo. Kuna wasichana leo wanafika darasa la nane hawajaambiwa jambo hili na mtu mzima hata mmoja anayewapenda.

Harusi ikija, somo alikuwa mbele. Alimsinga bi harusi na kumpamba, alimfundisha mambo ya nyumba, na katika zile siku saba za fungate alikuwa karibu, ili bi harusi akiwa na hofu ama akiumizwa awe na mtu wa kumwambia. Wengi wanamjua somo mpaka hapo tu, kwenye harusi, na siku hizi hata hapo amebaki kama mpambaji wa kukodiwa, anakuja siku mbili tatu, analipwa, anaondoka.

Sehemu ambayo imesahaulika ni ile ya baadaye. Mimba ya kwanza ikiingia, kawaida ilikuwa binti arudi kwa mamake kwenda kuzaa. Mkunga aliitwa, na baada ya kujifungua zilianza siku 40. Mzazi hakuachwa peke yake. Alikandwa kwa maji moto kila siku, akafungwa tumbo kwa kitambaa cha mkaja, akanyweshwa uji wa pilipili manga na supu ya kuku ili maziwa yashuke na nguvu zirudi. Mtoto alikogeshwa na watu wazima huku mama mdogo akiangalia na kujifunza. Usiku mtoto akilia, alibebwa na mwingine ili mzazi alale. Mama wa miaka 16 alikuwa amezungukwa na wanawake wanne au watano ambao walishapita njia hiyo.

Msomaji, angalia umri huo vizuri. Huwa tunasema kwa mshangao kwamba siku hizi watoto wanazaa watoto. Mabibi zetu wengi nao walikuwa mama wakiwa na umri huohuo. Waliolewa mapema, wakazaa mapema, na wengine Mungu awarehemu walifariki katika uzazi kwa sababu mwili ulikuwa bado haujakomaa. Kwa hivyo umri si jambo jipya. Jambo jipya ni ule upweke.

ILIANDIKWA NA MAMA ALIYEKUWA MGONJWA

Elimu hii haikuwa ya mdomo peke yake. Mnamo mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siu katika kisiwa cha Pate, alitunga utendi wa wasia kwa binti yake Mwana Hashima. Alikuwa mgonjwa na hakutazamia kuishi siku nyingi. Alifariki miaka michache tu baadaye. Binti alikuwa bado kijana. Utendi huo ulinakiliwa na kuhifadhiwa na wanawake wa pwani kizazi baada ya kizazi, na wasomi wa leo wanaubishania sana: wengine wanaona unamfundisha mwanamke kunyenyekea tu, wengine wanasoma ndani yake akili ya mwanamke anayemwonyesha bintiye jinsi ya kuishi katika ulimwengu wa wakubwa bila kuumia. Mimi nauona kama ushahidi wa jambo jepesi zaidi. Mama huyu alijua kwamba binti akibaki bila mwelekezi ataumia, na hakuwa tayari kufa kabla hajalifanyia kazi jambo hilo.

Lakini Mwana Hashima alikuwa binti wa nyumba kubwa. Tukitaka kujua habari za watu wa kawaida wa mjini, tuna bahati ya kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel kilichotoka mwaka 1989, ambamo wanawake watatu wa Mombasa, Bi Kaje wa Mwenye Matano, Bi Mishi wa Abdala na Bi Shamsa Muhamad Muhashamy, wanasimulia maisha yao wenyewe. Bi Kaje alitoka ukoo wa waungwana waliokuwa na watumwa. Bi Mishi alitoka katika kizazi cha watumwa. Ukisoma masimulizi ya wanawake hawa pamoja na utafiti wa Strobel kuhusu wanawake wa Kiislamu wa Mombasa, unaona jambo ambalo wazee wetu wengi hawapendi kulisema.

MWALIMU ALIYEKUWA MTUMWA

Somo wa binti wa kiungwana mara nyingi alikuwa mtumwa wa nyumba ile, ama kizazi cha mtumwa. Mengi katika mafunzo ya unyago yaliletwa na wanawake waliotekwa bara, kwa Wayao na Wanyasa, wakapitishwa sokoni na kuuzwa pwani. Yaani wanawake walionyang'anywa mama zao ndio waliopewa kazi ya kuwalea mabinti wa watu. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na baada ya hapo makungwi waliendelea na kazi yao wakiwa na vyama vyao wenyewe, vyenye ada na vyeo, na hata mabinti wa kiungwana waliendelea kufundishwa nao.

Hatuna haja ya kuupamba mfumo huu. Ulikuwa na dhuluma ndani yake. Ulimfundisha msichana kumridhisha mume kuliko ulivyomfundisha haki zake, wakati sheria yetu ya dini imempa haki nyingi tu: mahari yake, matumizi yake, ridhaa yake katika ndoa. Siri nyingine zilikuwa imani za mizimu. Na msichana aliyeshika mimba nje ya ndoa, mfumo ule haukuwa na huruma naye kila mara. Aibu ilikuwa ya ukoo mzima, na njia ya kawaida ilikuwa kumwozesha haraka ama kumficha.

Pamoja na hayo yote, ulikuwa na kitu kimoja kizuri ambacho sisi hatuna. Kila msichana alikuwa na mtu mmoja aliyejulikana. Likitokea jambo, watu waliuliza: somo wake nani?

MAJI YALIPOGEUKA

Mageuzi yalianza katika miaka ya 1930. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891 hadi 1947), ambaye alikuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 kisha Al-Islah mwaka 1932. Katika maandishi yake aliwapigia kelele Waislamu wa pwani kwa kulala usingizi: wanatumia mali katika ngoma na maharusi ilhali watoto hawasomi. Alitaka mtoto wa kike naye asomeshwe, pamoja na dini yake. Mwaka 1938 serikali ilifungua shule ya wasichana wa Kiarabu hapo Mombasa, na wazazi waliokuwa wakiogopa shule za wamishonari wakapata pa kuwapeleka mabinti.

Hoja ya Sheikh ilikuwa ya haki. Gharama za mashindano ya lelemama, vyama vya ngoma vya kina mama, zilikuwa zinafilisi watu. Vilevile vyama vile vilikuwa na faida yake: mwanachama akifiwa ama akiozesha, wenzake walikuja na mikono yao na pesa zao. Kina mama wenyewe waliona wakati umebadilika. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 baadhi ya viongozi waliotoka katika lelemama walikuwa wameingia katika vyama vipya kama vile Muslim Women's Institute, vyenye kushughulikia elimu na maendeleo ya wanawake. Bi Shamsa niliyemtaja hapo juu alikuwa mmoja wa waliopita njia hiyo.

Mji nao ulikuwa unakua. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, bandari ya Kilindini ikafuata, na watu wakaja kwa maelfu kutafuta kazi. Nje ya Mji wa Kale kukatokea Majengo, na nyumba zake unazijua: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uwani nyuma. Nyumba ya namna hii ilijengwa kwa ajili ya ukoo mmoja. Ilipogeuzwa kuwa ya kupangisha, kila chumba kikawa ni familia nzima na kila familia imetoka kwao. Nyanya amebaki kijijini. Shangazi yuko Malindi. Uwani ule ambapo wanawake walikuwa wakikaa na mwari wakimfundisha, sasa ni pa kufulia kwa zamu na kugombania bomba la maji. Na mzazi aliyejifungua Jumatatu, Jumatatu inayofuata anakaanga viazi barabarani na mtoto mgongoni, maana siku 40 za kulala zinataka mtu wa kuleta unga, na unga hauna wa kuuleta.

Basi somo akaondoka taratibu, na nafasi yake wakagawana shule na madrasa. Shule ikachukua elimu ya mwili kidogo, madrasa ikachukua tohara na sala. Ukiangalia mafunzo yenyewe, pengine msichana wa leo anajua zaidi kuliko nyanyake. Lakini angalia kilichotokea mimba ikionekana. Somo, wakati huo ndio alisogea karibu. Shule, wakati huo ndio ilifunga mlango. Ni mpaka mwaka 1994 ndipo serikali ya Kenya ilipotoa sera ya kumruhusu msichana aliyezaa kurudi darasani, na hata hivyo wakuu wengi wa shule hawakuifuata; mwaka 2020 ikabidi Wizara ya Elimu itoe mwongozo mpya wa jambo hilohilo. Jirani zetu wa Tanzania Bara walilifungua rasmi Novemba 2021. Na madrasa? Sina habari ya sera yoyote. Ninachokiona ni kwamba msichana akishazaa harudi, na hakuna anayemwita.

HALI ILIVYO

Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba nchini Kenya, katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 15 walikuwa wameshapata mimba angalau mara moja. Miongoni mwa wale ambao hawakusoma kabisa, ni karibu 4 katika kila 10. Umaskini na ukosefu wa shule ndio unaoamua, kuliko hizo simu tunazozilaumu.

Kuna jambo moja hapa ambalo somo wa zamani hakuwa nalo na wa leo lazima alijue. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 inasema mtoto ni yeyote chini ya miaka 18, na mtu mzima aliyemwingilia ametenda jinai, hata kama anadai alikubaliwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 nayo imeweka miaka 18. Ile njia ya wazee ya kukaa kikao usiku, kupokea faini na kumwozesha mtoto kwa aliyemharibu, haiwezi tena kuitwa sitara. Mara nyingi anayesitirika ni yule mwanamume.

Waliojaribu kumrudisha somo, ingawa hawakumwita kwa jina hilo, wapo. Kibera, mtaa ulioanzishwa na askari wa Kinubi ambao ni Waislamu, ulipata kituo cha Binti Pamoja mwaka 2002, ambapo wasichana walikutana mahali pa usalama wakiongea mambo ambayo nyumbani hayasemeki. Waliokua ndani yake wakaja kuwaongoza wadogo zao. Kilifi kukaanzishwa Moving the Goalposts mwaka 2001, wao wakitumia mpira wa miguu. Najua wapo watakaokunja uso kusikia mabinti na mpira. Kila mtu na rai yake, lakini wale waliwakusanya mabinti wa watu maskini na kuwasikiliza wakati sisi tulikuwa tunatoa mawaidha kwa spika.

Mfano ambao ningependa tuuangalie zaidi ni wa kuanzia mwaka 2015, uliofanywa Kibera na Wajir kwa wasichana wadogo. Wajir tunaijua, karibu wote ni Waislamu. Wasichana waliwekwa katika vikundi vya kukutana kila wiki, na mwongozi wa kila kikundi alikuwa mwanamke kijana wa palepale, si mgeni aliyekuja na gari. Na hayakuwa maneno matupu: familia zilisaidiwa pesa na karo ili msichana asome, na baadhi ya wasichana wakafundishwa kuweka akiba. Huko Wajir wasichana wengi waliokuwa nje ya shule waliingia darasani. Wazee wetu wangelielewa hili bila kuelezwa. Somo hakuwa mtu wa kujitolea akachoka baada ya mwezi. Alikuwa na haki zake: kanga, pesa, chakula, heshima katika nyumba ile maisha yake yote. Leo tunamwomba mwalimu wa kike wa madrasa alee wasichana 60 kwa sadaka ya Ijumaa, kisha tunashangaa mbona hakuna matunda.

Na wala hatuwezi kusema dini yetu inaona haya na mambo haya. Wanawake wa Madina walimwendea Mtume (SAW) wakamwambia kwamba wanaume wamewashinda katika kuchukua wakati wake, awawekee siku yao, naye akawawekea. Bi Aisha (radhi za Allah ziwe juu yake) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza dini yao. Waliuliza habari za hedhi na josho waziwazi, na majibu yao ndiyo tunayoyasoma mpaka leo katika vitabu vya fiqhi.

Kuna tatizo dogo la kimaumbile ambalo nimelisikia kwa zaidi ya mama mdogo mmoja mtaani. Shule imekubali arudi, karo imepatikana kwa tabu, sare ya zamani bado inamtosha. Linalomrudisha nyuma ni mtoto atakaa na nani kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi, maana mamake anakwenda kufua nguo za watu Nyali na jirani anataka alipwe. Zamani mtoto huyo angekuwa kwa nyanya au kwa somo. Madrasa nyingi za mitaani kwetu husomesha alasiri na wikendi. Asubuhi zote za siku za kazi zimefungwa, zina mikeka, zina maji ya kutawadhia, na zina kivuli. Ufunguo huwa uko kwa ustadhi, na ustadhi kila jioni mwezi huu tunafuturu naye.